Ronald Ngala na Jimbo la Saba Lililobaki na Viti Vitupu

Ukimtaja marehemu Ronald Gideon Ngala mbele ya wazee wa Pwani, neno la kwanza watakalokujibu ni majimbo. Vijana nao hulijua jina lake kwa sababu ya barabara ya Nairobi iliyoitwa kwa jina hilo, ambapo wasafiri hugombea nafasi za matatu kila jioni. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba katiba aliyoipigania bwana huyu ndiyo iliyolizaa Jimbo la Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Jimbo hilo lilikuwa la saba na la mwisho kuundwa, nalo ndilo lililoingia katika uhuru likiwa halina baraza la kuliongoza.

Siku hizi swali la zamani limerudi kwa sura mpya. Madaraka yametoka Nairobi yakafika katika kaunti. Je, yaishie hapo kwenye makao makuu ya kaunti, au yateremke zaidi mpaka kaunti ndogo, wadi na kijiji? Wenzetu wa Garissa wanalijadili jambo hili, na sisi wa Pwani tunaopakana nao kwa mto Tana na kwa msitu wa Boni tunalo la kujifunza humo. Basi yafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyelishika swali hili mapema kuliko wengi, tuone alifika nalo wapi na alilikwamishia wapi.

MWALIMU KUTOKA KALOLENI

Ngala alikuwa Mgiriama wa bara ya Kilifi, aliyezaliwa mapema katika miaka ya 1920. Alisoma katika shule ya misheni ya Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, akaendelea Alliance na hatimaye Makerere, Uganda, alikosomea ualimu. Aliporudi alifundisha Kaloleni, akawa mwalimu mkuu huko Taita, na baadaye akakabidhiwa shule ya Buxton mjini Mombasa. Ingawa alikuwa Mkristo, kazi yake ilimweka katikati ya mji wa Kiislamu, akazoeana na watu wa Mji wa Kale, na Kiswahili chake kikawa cha kusikilizwa na kila mtu.

Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake kidogo, Nchi na Desturi za Wagiriama. Si kitabu cha siasa, lakini kinatuonyesha alikotoka mtu huyu. Wagiriama hawakupata kuwa na sultani wala mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kaya, walioketi pamoja wakasikilizana mpaka neno likaiva. Mtu aliyelelewa katika jamii ya namna hiyo si ajabu akiogopa mtawala mmoja aliyeketi mbali.

Siasa aliianzia katika baraza la mji wa Mombasa. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia humo kwa kura. Alikuwa mtu mpole wa maneno, mwenye subira ya mwalimu. Wengine walidhani upole huo ni udhaifu. Walijua baadaye kwamba walikosea.

HOFU YA WADOGO

Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina mwenyewe hayupo. Alikikataa cheo hicho. Mwezi Juni mwaka huo huo yeye na wenzake, akiwamo Daniel arap Moi, walikutana Ngong wakaunda KADU, na Ngala akawa rais wa chama hicho.

Hoja ya KADU ilikuwa nyepesi kuelewa. KANU ilitegemea zaidi makabila makubwa, Wakikuyu na Wajaluo. Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda na wengineo walikuwa na hofu kwamba Mwingereza akiondoka, mkubwa atamla mdogo, na mashamba, shule na kazi zitaamuliwa na watu wasiowajua. Dawa aliyoileta Ngala ilikuwa ni kuigawa nchi katika majimbo, kila jimbo liwe na baraza lake, askari wake na sauti juu ya ardhi yake, ili Nairobi isiwe na neno la mwisho katika kila jambo.

Katika uchaguzi wa mwaka 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Mzee Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akaikubali kazi hiyo, akaongoza serikali ndogo kwa kusaidiwa na wazungu wa chama cha Michael Blundell. Wapinzani wake walimwita kibaraka, na jina hilo lilimfuata muda mrefu. Hata hivyo ni katika kipindi hicho ndipo majimbo yalipoacha kuwa maneno ya mikutano ya hadhara yakawa mpango wa kuandikwa.

Mpango huo ulipelekwa London, Lancaster House, mwezi Februari 1962. Kwa majuma kadhaa pande mbili zilivutana, na mwishowe Waingereza wakaegemea kwenye majimbo. KANU ilikubali shingo upande. Serikali ya mseto ikaundwa, na Kenyatta na Ngala wakawa mawaziri wa nchi waliopewa pamoja kazi ya kuitengeneza katiba mpya.

KILA MDOGO ANA MDOGO WAKE

Na hapo ndipo yalipomfika Ngala maswali ambayo hakuwa na jibu lake.

La kwanza lilitoka nyumbani kwake. Watu wa Mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, walikuwa na hofu zao. Waislamu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu waliuliza: ikiwa Mgiriama anamwogopa Mkikuyu, kwa nini sisi tusiwe na hofu ya kuwekwa chini ya baraza la jimbo ambalo wengi wake ni watu wa bara ya Pwani? Baadhi yao walitaka Mwambao ujitawale peke yake. Tume ya James Robertson ya mwaka 1961 ilikwisha kushauri kwamba ukanda huo uunganishwe na Kenya, na Ngala hakukubali utengwe. Mwezi Oktoba 1963 jambo lilifungwa kwa mapatano, na Waislamu wakaahidiwa kwamba dini yao, mahakama za kadhi na hati zao za ardhi zitalindwa. Ahadi hizo walipewa na wakubwa wa serikali. Baraza la wenyeji lenye nguvu za kuzisimamia halikuwapo.

Swali la pili lilitoka kaskazini. Mkoa wa Mpaka wa Kaskazini, ambao watu waliuita NFD, ulikuwa umefungwa na Waingereza tangu miaka ya 1920. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ya kibali, na vyama vya siasa viliruhusiwa huko mwaka 1960 tu. Somalia ilipopata uhuru mwaka huo huo, Wasomali wengi wa Garissa, Wajir na Mandera walitaka waungane na ndugu zao. Mwaka 1962 Serikali ya Somalia iliwaalika Mogadishu viongozi wa vyama vyote viwili, Kenyatta na Ngala, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walirudi na msimamo ule ule: nchi haigawanywi. Tofauti yao ilikuwa kwamba Ngala aliamini ana tiba mkononi. Kwa fikira zake, Msomali akipewa jimbo lake ndani ya Kenya, hofu yake itapoa kama ya Mgiriama.

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini tuangalie jinsi jimbo lenyewe lilivyopatikana. Tume iliyochora mipaka ilianza na majimbo sita. Tume nyingine, ya watu wawili, Mnaijeria na Mkanada, ilikwenda kaskazini mwishoni mwa mwaka 1962 kuwauliza wananchi wanataka nini, na ikakuta kwamba Wasomali karibu wote wanataka kujiunga na Somalia. Mwezi Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba litaundwa jimbo la saba, la Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Somalia ilikata uhusiano na Uingereza kwa hasira. Watu walikuwa wameulizwa, wakajibu, kisha wakapewa kitu kingine.

Uchaguzi ulipofanywa mwezi Mei 1963, Wasomali waliususia. Viti vyao katika Bunge na Seneti vilibaki vitupu. Baraza la jimbo, lile lililokuwa kiini cha tiba ya Ngala, halikukalishwa. Hata mwezi haukutimia tangu uhuru wa Desemba 12, 1963, hali ya hatari ikatangazwa katika jimbo zima. Vita vya mashifta viliendelea mpaka mapatano ya mwaka 1967, lakini sheria za hatari zilidumu mpaka mwaka 1991. Katika kivuli cha sheria hizo ndipo mji wa Garissa ulipochomwa mwezi Novemba 1980, na ndipo watu walipouawa kwa wingi katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, mwezi Februari 1984.

Msomaji atauliza, Ngala ana lawama gani katika haya? Hayo hakuyatenda yeye, wala hakuwa na uwezo wa kuyazuia. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha mahali palipokuwa na tundu katika tiba yake. Ngala alimlinda mdogo dhidi ya mkubwa, lakini kila mdogo ana mdogo wake. Mgiriama ni mdogo mbele ya Nairobi, na ni mkubwa mbele ya Mpokomo wa Tana au Mbajuni wa visiwani. Majimbo yake yalimaliza safari Mombasa, Nakuru na Kakamega. Hayakufika kisimani, malishoni wala msikitini.

MAJIMBO YALIVYOKUFA

Jambo hilo lilionekana wazi pale majimbo yalipouawa. Baada ya uchaguzi wa 1963 Ngala alikuwa kiongozi wa upinzani katika Bunge na pia rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Cheo kilikuwa kikubwa, mfuko mtupu. Fedha zilitoka Nairobi, na watumishi wa serikali waliendelea kupokea amri kutoka Nairobi. Mkutano wa tatu wa London, mwishoni mwa 1963, ulikwisha kuyapunguza madaraka ya majimbo kabla ya bendera kupandishwa. Kisha wajumbe wa KADU wakaanza kuhamia KANU, mmoja leo, wawili kesho.

Mwezi Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akaivunja KADU yeye mwenyewe. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya umoja wa taifa, na huenda kweli aliamini hivyo. Baadaye majimbo yakageuzwa mikoa, mabaraza yake yakanyang'anywa kodi na nguvu, na mwaka 1968 yakafutwa kabisa. Mikoa ikatawaliwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais.

Linalostahili kutazamwa ni hili. Majimbo yalipokufa, Pwani haikutikisika. Wenye maduka waliendelea na biashara zao, wavuvi wakaenda baharini, wakulima wa Kaloleni wakagema nazi zao. Kwani walipoteza nini walichokwisha kukishika kwa mikono? Kilichoondoka kilikuwa baraza la wakubwa mjini Mombasa. Mwananchi hutetea kile kinachomfaa. Kilichoishia kwa wakubwa, wakubwa hukimaliza kwa mazungumzo yao.

Ngala aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 1966, akatumikia serikali ile ile aliyoipinga. Mwezi Desemba 1972 alipata ajali ya gari karibu na Konza, katika njia ya Mombasa na Nairobi, na akafariki hospitalini tarehe 25 ya mwezi huo. Pwani ilimlilia sana, Waislamu kwa Wakristo. Wengi walihisi kwamba hata kama hakushinda, amekwenda mtu aliyewasemea.

GARISSA YA LEO

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha kwa jina jingine sehemu ya kile alichokitaka. Tumepata kaunti 47, na kila mwaka zinapaswa kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa watu wa kaskazini mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko kwa wengine, maana wao walitoka kwenye sheria za hatari. Barabara ya kwanza ya lami mjini Wajir ilijengwa baada ya serikali ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Hilo halipingiki, na anayelibeza hajui huko walikotoka.

Lakini kaunti ya Garissa ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 44,000, karibu mara mia mbili ya kaunti ya Mombasa. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 841,353, wengi wao wafugaji wanaohama na mifugo yao. Mtu wa Masalani, upande wa Ijara, yuko karibu na Hola kuliko mji wa Garissa. Mtu wa Hulugho ana Lamu upande mmoja na Somalia upande wa pili. Ijara iliwahi kuwa wilaya kamili, lakini kaunti zilipohesabiwa zilifuata wilaya za mwaka 1992, kwa hiyo ikarudi chini ya Garissa. Kwa mtu wa huko, serikali iliyohama kutoka Nairobi mpaka Garissa imekaribia, ila bado ni safari ya siku nzima, na mvua ikinyesha safari hiyo haipo.

Tena wapo wadogo wa wadogo. Kando ya Tana wako Wamunyoyaya, na katika msitu wa Boni wako Waboni. Hawa hawana hesabu ya kura ya kumtisha mtu yeyote. Wazee wa koo za Kisomali wamezoea kukaa kabla ya uchaguzi na kugawana viti, ukoo huu ugavana, ule useneta. Utaratibu huo umeepusha ugomvi mara nyingi. Hata hivyo kugawana viti na kugawana madaraka ni mambo mawili. Ukoo unaweza kupata kiti kikubwa mjini, na pampu ya kisima chao ikabaki mbovu mwaka mzima.

Sheria haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 176 cha Katiba kinaitaka kila kaunti iteremshe kazi zake kwa kadiri inavyowezekana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja kaunti ndogo, wadi na vijiji, na kila kijiji kiwe na msimamizi na baraza la wazee watatu mpaka watano. Baadaye mpango wa kubadilisha Katiba, uliojulikana kama BBI, ulitaka wadi ziwe na mfuko wao wenyewe, lakini mpango mzima ulikwamishwa na mahakama, mwisho ikiwa Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022.

Wako wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema kila ofisi mpya ina mshahara wake, na mishahara ndiyo inayokula fedha za dawa na maji. Wanasema pia kwamba ukimpa kila mtu kijiji chake katika nchi ya koo, umempa kila ukoo mpaka wa kupigania, na mabishano ya mpaka wa Tana baina ya Garissa na jirani zake ni ushahidi tosha. Mfugaji naye anafuata mvua, je, kijiji chake ni kipi?

Hoja hizi zinatuonya tuangalie namna ya kuteremsha madaraka. Hazituambii tuyazuie mjini. Msimamizi wa kijiji aliyeajiriwa na kaunti, asiye na fedha wala uamuzi, ni mkono mrefu wa gavana tu, na mshahara wake kweli ni hasara. Lakini wazee wa kisima wakijua kwa maandishi ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kisima chao, na ikawa hakuna wa kukihamisha bila ya kukaa nao, hapo hakuna haja ya ofisi ya ghorofa. Sisi Waislamu si wageni wa mashauriano. Shura tumeijua zamani, na wenzetu Wasomali huamua diya, malisho na maji chini ya mti bila ya karani. Na mfugaji ajiandikishe kwa kisima anachokirudia kila kiangazi, maana kisima hakihami. Mpaka hugombewa zaidi pale ambapo kila kitu kinasubiri uamuzi wa mtu mmoja. Mwenye fungu lake linalojulikana hana haja kubwa ya kulipigania la mwenziwe.

Ngala alikuwa mtu mwema aliyeliona tatizo kabla ya wengi, na historia imemtendea haki kwa kulirudisha wazo lake. Upungufu wake ulikuwa kudhani kwamba ukishaivusha serikali hatua ya kwanza, kazi imekwisha. Mwaka 1963 watu wa Garissa walipewa jimbo walilochorewa London, na viti vikakaa vitupu. Safari hii wamepiga kura, na viti vimejaa. Kaunti inayong'ang'ania kila kitu mjini na ikumbuke jinsi Baraza la Pwani lilivyokufa bila ya mtu wa kulililia. Wa kuitetea siku Nairobi itakapotaka kuinyang'anya watakuwa ni watu wa Hulugho, Fafi, Balambala na Dadaab, nao watatetea kile tu ambacho kimewafikia.